Mifuko Minne Katika Mia Sita

Wiki iliyopita tulimzika Mapendo, na binti yake akasimama mbele ya watu akasema jambo ambalo ni nusu tu ya ukweli. Ilikuwa baada ya kutoka makaburini, tumerudi kwenye nyumba ya marehemu ya Bukoto, hapa Kampala, ghorofa ya tatu. Ngazi zile zilinichosha hata kabla sijaketi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mpaka kwenye korido, na mimi nilikuwa na sahani ya wali na mchuzi wa karanga mapajani. Binti huyo, Neema, alinielekezea mkono. "Huyu ni Mama Solange," alisema. "Mama alikuwa anatuambia kila mara: zamani nilipoitwa mwizi kule Katwe, ni huyu peke yake aliyesimama kunitetea." Watu waligeuka kunitazama. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu alinishika mkono akaubana, akasema Mungu atanilipa. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikaendelea kula. Nimestaafu sasa, magoti yananiuma mvua zikianza, na nilidhani uzee ungenipa ujasiri wa kusema mbele za watu maneno niliyoshindwa kuyasema nikiwa kijana. Haukunipa. Kwa hiyo naandika hapa, polepole, nusu ile ambayo Mapendo hakuwaambia watoto wake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mimi na Mapendo tulikuwa tunakaa chumba kimoja Katwe, nyuma ya karakana za vyuma. Yeye alikuwa amenizidi miaka minane, nami nilimwita Yaya kama tunavyowaita dada zetu wakubwa kwetu Bukavu, Kongo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, na kitenge kilichotundikwa kwenye kamba kutenganisha kitanda na sigiri ya mkaa. Kuanzia asubuhi nyundo zilikuwa zinagonga mabati nje, mabati yanayogeuzwa kuwa sufuria, sigiri na milango, na baada ya miezi miwili nilikuwa sizisikii tena mpaka zinyamaze. Mvua ikinyesha maji yaliingia chini ya mlango, nasi tukapandisha viatu, vitabu vyangu na unga juu ya kitanda, tukakaa humo kama kuku. Mapendo alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku za Jumapili, akiitwanga mwenyewe kwa sababu aliona wanayouza sokoni imetwangwa kwa haraka. Siku nyingine tulikula posho, ugali wa huku, na maharage. Alikuwa ananimegea tonge la kwanza kabla hajala yeye, kwa mazoea tu, kama angefanya kwa mtoto. Alikuwa akisema, "Kula, wewe ndiye unatumia kichwa. Miye natumia mikono tu."

Sote tulifanya kazi kwenye kinu cha mahindi cha Hajati Sauda, mama wa Kinubi aliyerithi kile kinu kwa mumewe na kukiendesha kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. Mashine ilishikwa na baba mmoja Mganda tuliyemwita Ssalongo, kwa kuwa alizaa mapacha. Wanawake wanne walikuwa wanajaza mifuko ya kilo kumi kwa bakuli la bati, wakikisia kwa macho na kwa uzito wa mkono, kisha wanaishona, kila mmoja kwa uzi wa rangi yake. Uzi wa Mapendo ulikuwa wa buluu. Hakuna aliyemfikia kwa kasi. Mifuko mia moja kwa siku, wakati wenzake watatu kwa pamoja walikuwa wanajaza hamsini. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilijua kuandika. Nilikaa kwenye mizani kubwa ya mshale karibu na mlango na daftari langu, nikipima mifuko michache kila siku, kuona tu kwamba mambo yanaenda.

Na kila Jumamosi mchana nilienda darasani. Neno darasa ni kubwa. Kilikuwa chumba cha kuhifadhia viti cha kanisa letu, na mwalimu wetu, Byamungu, alikuwa amefundisha hesabu Bukavu miaka kumi na tano, kisha Kampala ikamfanya mpiga tupa kwenye karakana ya bawaba. Alikuja na vumbi la chuma kwenye mikunjo ya vidole, akashika chaki kwa vidole hivyo hivyo. Tulikuwa watu sita tunaotaka kuingia chuo, na mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulikuwa tunaipapasa gizani. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili, akiweka maneno ya mtihani pembeni ya ubao tuyakariri baadaye.

Nakumbuka Jumamosi aliyoanza habari ya vipimo vinavyotiririka, visivyohesabika kimoja kimoja. Aliniuliza mimi, kwa kuwa alijua kazi yangu. "Solange, umeshaona mshale wa mizani yako ukisimama kumi kamili?"

"Kila siku, Mwalimu."

"Hujaona hata siku moja. Umeona mshale uko karibu na kumi, na macho yako yamechoka. Ukisogea karibu zaidi, ni kumi na gramu mbili. Ukipata mizani bora, ni kumi na gramu mbili na nusu. Utasogea mpaka lini?" Akachora mstari ubaoni, akaweka nukta moja. "Uwezekano wa mfuko kuangukia nukta hii hasa, bila kupungua wala kuzidi hata chembe, ni sifuri. Usiniulize uwezekano wa nukta. Niulize kati ya hapa na hapa." Akaweka vijiti viwili, akapaka chaki nafasi iliyo katikati. "Uwezekano ni eneo. Ni hiki nilichopaka."

Alianza na mchoro rahisi. Umeme umekatika, tumeambiwa utarudi kati ya saa sita na saa kumi na mbili, na hakuna saa inayopendelewa kuliko nyingine. Akachora paa tambarare, urefu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Saa moja ni sehemu moja ya sita ya paa, basi. Tukaelewa, tukacheka, kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa umekatika. Kisha akafuta paa akachora kilima: kinapanda taratibu kutoka kushoto, kinafika juu kwenye wastani, kinashuka kulia kwa mteremko ule ule, na miguu yake haigusi chini kabisa. "Huu ndio mtawanyo wa kawaida," alisema. "Mkono wa mtu unapojaza bakuli, vitu vidogo vingi vinausukuma. Unga umelowa kidogo, bega limechoka, mtu ameita jina lako. Kimoja kinaongeza, kingine kinapunguza. Mwishowe mifuko mingi inakaa katikati na michache inaenda mbali." Akatufundisha kupima upana wa kilima kwa kipimo alichokiita mkengeuko. Akasema katika kila mia, kama sitini na nane hukaa ndani ya mkengeuko mmoja kutoka wastani, kama tisini na tano ndani ya miwili, na karibu yote ndani ya mitatu. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama nimevaa viatu vipya. Nilimchorea Mapendo kilima kwa mkaa nyuma ya mlango. Akakitazama huku anachambua maharage. "Ni kizuri," alisema. "Kinafanana na milima ya Bukavu." Sikumweleza zaidi. Nilikuwa nimeshaona kwamba mambo hayo si ya watu kama yeye.

Wiki chache baadaye shule moja ya bweni ilirudisha mifuko mitatu kwa Hajati, ikisema imepunguka. Nilisikia mazungumzo nikiwa nyuma ya magunia. Wajazaji wawili walikuwa wanakula mihogo ya kuchemsha, na mmoja akasema uzi wa mifuko iliyorudi ni wa buluu. Mwingine akasema, "Si kila Jumamosi anabeba unga kwenda kwake?" Ulikuwa unga wa kufagia sakafuni, Hajati aliwaruhusu wote wanne wauchukue kwa zamu, na mimi niliula. Nilijua kilichoingia chumbani kwetu kwa kila kijiko. Nilinyamaza nikapita.

Hajati aliniita ofisini kwake, chumba chenye kabati moja na mkeka wa kuswalia uliokunjwa juu ya kiti. "Binti," alisema, "mimi sitaki maneno ya wanawake. Wewe unasoma. Pima kila mfuko wiki nzima, uniambie kuna mtu anachota au hakuna." Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza swali la maana namna ile tangu nifike Kampala. Nilipima mifuko mia tisa. Mikono ilinivimba. Ssalongo aliniona nikiandika, akazima mashine akaja kuegemea mizani. "Sorange, hii kitu unatafuta nini? Hata mimi nikimwaga mahindi, siku ingine inakuwa mingi, siku ingine kidogo. Unga iko hivyo." Nikamwambia hii ni hesabu, Ssalongo, wewe rudi kwenye mashine yako. Akarudi.

Hesabu zilitoka safi hata nikaogopa uzuri wake. Wastani kilo kumi, mkengeuko gramu mia moja. Mifuko mitano ilikuwa chini ya kilo tisa na robo tatu, na kati ya hiyo mitano, minne ilikuwa na uzi wa buluu. Nikafungua jedwali alilotupa Mwalimu nikatafuta: mfuko mwepesi kiasi kile hutokea mara moja hivi katika mia na sitini. Nilikaa nikiitazama ile namba. Ningeweza kusubiri Jumamosi nimuulize mtu anayejua. Ilikuwa Alhamisi. Lakini nilitaka kuwa mtu anayejua. Nikaenda ofisini nikamwambia Hajati, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, "Mfuko wa namna hii ni nadra, Hajati. Mmoja katika mia na sitini. Na mtu mmoja anayo minne." Aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema hesabu haidanganyi.

Alimwita Mapendo mchana huo huo, mbele ya wote, kwa sababu shutuma ilikuwa imeshasemwa na wote. Hakupiga kelele. Alisema mifuko imepimwa, na yeye hawezi kukaa na mtu anayepunguza chakula cha watoto wa shule. Mapendo aliangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. "Hajati, miye? Miye siwezi." Alivua aproni, akaikung'uta unga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mfuko aliokuwa hajamaliza kuushona. Alipopita mlangoni karibu na mizani yangu nilikuwa nimeinamia daftari, naandika tarakimu ambazo hazikuwa za kitu chochote.

Jioni alipika kama kawaida. Alinimegea tonge la kwanza. Akaniuliza, "Solange, nani amemwambia Hajati vile?" Nikasema sijui, Yaya. Akasema, "Sawa." Siku ya pili wanawake wawili wa kanisani waliokuwa wanakuja kusuka nywele kwetu hawakuja. Siku ya tatu alifunga vitu vyake kwenye kitenge kile kile kilichokuwa pazia, akasema amepata kazi ya kufua Bukoto, kwenye nyumba za ghorofa, na wanampa kijumba cha uani cha kulala. Alipoondoka chumba kilionekana kikubwa na kichafu. Niliona kilima changu cha mkaa bado kiko nyuma ya mlango, nikakifuta kwa kiganja.

Jumamosi nilimpelekea Mwalimu daftari langu. Nilitaka anisifu, nadhani. Au nilitaka aniambie nilikuwa sahihi ili nilale. Alisoma kurasa zote, mstari kwa mstari, kidole chenye vumbi la chuma kikishuka polepole. Akafika mwisho. "Huyu wa uzi wa buluu," alisema, "alijaza mifuko mingapi?"

"Mia sita."

"Gawa kwa mia na sitini."

Nilijua kabla sijagawa. "Karibu minne," nikasema.

"Na wewe umepata mingapi?"

Nikainua vidole vinne. Akafungua tena ukurasa wa katikati. "Na upande wa pili? Mizito kupita kilo kumi na robo?" Sikuwa nimeitazama. Nani angelalamika kwamba amepewa unga mwingi? Tuliihesabu pamoja pale pale. Ilikuwa mitano, na mitatu ilikuwa ya uzi wa buluu. "Mwizi gani," akauliza Mwalimu, "anaiba huku anagawa?" Alipoona uso wangu aliacha kufundisha. "Ni mtu unamjua?" Nikasema ni dada yangu. Akafunga daftari, akalisukuma kwangu. Alisema miguu ya kile kilima ni sehemu ya kilima. Ukijaza mifuko kumi huioni. Ukijaza mia sita lazima uikute, na anayefanya kazi nyingi kuliko wote ndiye atakayeikuta mara nyingi kuliko wote. Kisha akasema kwa uchovu, si kwa hasira, "Nimewafundisha jedwali kabla sijawafundisha kuuliza. Hilo ni langu. Lingine ni lako."

Jumatatu nilisimama mbele ya Hajati na daftari lile lile. Nilieleza mia sita, nikaeleza kugawa, nikamwonyesha mifuko mizito. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alhamisi ulikuja na jibu," alisema, "ukaniambia hesabu haidanganyi. Leo umekuja na jibu lingine, na sauti ni ile ile. Mimi nishike lipi?" Nikamwambia, kwa sauti ndogo, asishike langu. Apime mwenyewe. Mapendo hayupo kinuni, na kama mwizi ameondoka, mifuko myepesi itakuwa imekwisha. Hajati alikuwa mtu wa haki, hilo lazima niliandike. Aliajiri mtu mwingine kujaza, akakaa kwenye mizani kwa wiki mbili, mtandio ukiwa mweupe kwa unga. Mifuko ilifika mia tisa tena. Myepesi ilikuwa sita. Mizito ilikuwa minne. Alinyanyuka, akaniambia, "Nipeleke Bukoto."

Tulimkuta Mapendo uani, mikono imo ndani ya karai mpaka kwenye viwiko, shuka za watu zimetapakaa kwenye kamba. Hajati alimwomba radhi akiwa amesimama, mbele ya wafuaji wenzake, kwa sauti ya kusikika, kama vile alivyomfukuza mbele ya watu. Akamwambia kazi yake ipo, na kwamba wajazaji wote wameshaambiwa yeye hakuchukua kitu. Mapendo alishukuru kwa heshima zote. Akasema hatarudi. "Hajati, pale ndani nitakuwa nahesabu kila bakuli. Sitaweza tena kufanya mbio." Hajati akaitikia kwa kichwa. Akaenda kunisubiri barabarani.

Nilibaki nimesimama kwenye maji ya sabuni. Nikasema, "Yaya, ni mimi niliyemwambia."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mule ndani kalamu ilikuwa moja." Aliinua shuka, akaitazama kama kuna doa, akairudisha majini. "Nilikuuliza jioni ili useme. Hukusema, nikaona umeogopa. Nikasema basi, ni mtoto." Nilikuwa nalia, na yeye hakulia wala hakunibembeleza. Aliniuliza nimweleze ile hesabu, kwamba ilikuwaje ikamtaja yeye. Nikamweleza pale uani, safari hii polepole, bila jedwali: mkono wa mtu hauwezi kumwaga sawa kila mara, mingi hukaa katikati, michache huenda mbali huku na huku, na yeye alikuwa na michache mingi kwa sababu alikuwa na mifuko mingi. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo kwenye ile mifuko hakuna mtu aliyefanya kosa."

"Hakuna, Yaya."

"Ni hapa tu kati yetu."

"Ndiyo."

Akakausha mikono kwenye kanga. "Basi soma hayo mambo mpaka mwisho," alisema. "Usiishie tena katikati huku kuna mtu ndani yake."

Nilifaulu mtihani mwaka ule, nikaingia chuo, na baadaye nikafanya kazi ya takwimu Nakasero mpaka nikastaafu. Vijana waliniletea namba huku macho yao yanang'aa, nami niliwauliza ni katika wangapi, na upande wa pili mmeutazama, mpaka nikasikia wananitania kwenye korido kwa maswali hayo. Mapendo alibaki Bukoto, akaanzisha udobi wake mwenyewe, akazaa, akanialika kila sikukuu. Hatukuishi tena chumba kimoja. Kila nilipokula kwake alinipa sahani yangu kama mgeni, imejaa vizuri, na kijiko kando. Miaka yote ile nilisubiri tonge la kwanza kutoka mkononi mwake, na sikumwomba, naye hakunipa.